Maua ya Vijiuso Mlangoni Petu

Tulipobomoa jiko la zamani la mama, fundi alichomoa karai bovu kutoka chini ya rundo la mabati. Lilikuwa limeliwa na kutu, na kitakoni lilikuwa na matundu yaliyotobolewa kwa msumari. Alitaka kulitupa bondeni. Nilimwambia aniletee. Udongo mweusi ulikuwa bado umeganda pembeni, mkavu kama mkate wa zamani, nami sijui kwa nini nililimwagia maji ya kunawia yaliyobaki kwenye kopo. Harufu iliyopanda ilikuwa ya samadi ya mbuzi, majani yaliyooza msituni, na ukungu wa asubuhi. Nikakaa chini palepale, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamwomba fundi apumzike kidogo.

Wa rika langu mtanielewa. Sisi tuliokulia milima ya Usambara wakati wa Mwingereza tuliona nyumba nyingi zenye mboga na migomba mlangoni, lakini nyumba ya mtu wa kawaida yenye maua ilikuwa jambo la kusimuliwa. Nyumba yetu, juu ya Lushoto upande wa Magamba, ilikuwa na maua. Watu waliokuwa wakiteremka sokoni na matenga ya njegere kichwani walisimama kuyatazama, na wengine walitubatiza jina: kwa wenye maua.

Mama yangu hakuwa mtu wa hapo. Baba alimwoa alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza, akamleta kwao kutoka Zirai, milima ile mingine ya mashariki. Baba alirudi mkongeni, mama akabaki na mama mkwe wake, yaani bibi yangu, na mimi nikazaliwa katikati yao. Kishambaa cha mama kilikuwa na mlio wa kwao, na wanawake kisimani walikiiga kwa kucheka. Baridi yetu ilimtesa. Namkumbuka amejifunga khanga mbili na blanketi juu yake, akipuliza moto asubuhi, huku bibi akisema kwa sauti ya kumwambia kila mtu na kutomwambia yeyote, "Watu wa Zirai ni watu wa jua."

Maua yaliingia kwetu kwa njia ya mboga. Mama alikuwa akipeleka karoti na njegere kwa mwanamke mmoja wa Kizungu aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya mawe juu ya kilima. Sisi watoto tulimwita Mama Kofia, maana hatukuwahi kumwona kichwa wazi. Siku moja tulikuta mafundo ya majani na mizizi yametupwa nje ya ua wake. Bustani ilikuwa ikipunguzwa. Kwenye mafundo yale bado palikuwa na maua yaliyosahaulika, madogo, ya zambarau, yenye manjano kooni na mistari myembamba myeusi kama sharubu za paka. Mama alitua tenga lake. Aliinama, akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikamvuta khanga.

"Kwetu Zirai yako maua kama haya," alisema. "Yanaota msituni, kwenye mawe yanayotoka maji. Majani yake yana manyoya. Haya siyo yale, lakini yangekutana yangesalimiana."

Mama Kofia alitoka akamkuta ameinama hivyo. Hakukasirika. Alimwambia achukue anachotaka, akamwonyesha kwa vidole jinsi ya kuyapasua mafundo, kila kipande kibaki na mizizi yake, na akamtajia jina: viola. Mama alilirudia njiani kote ili lisimpotee.

Bibi alipouliza ni nini kile ndani ya tenga, mama akajibu, "Viola, mama." Bibi, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa halina nguvu, alisikia vyura. Tangu siku hiyo hakuyaita jina jingine. Sidhani kama alikuwa anakosea baada ya juma la kwanza. Nadhani lilimpendeza.

Kando ya njia inayoingia uani mama alichimba mtaro, akaujaza udongo mweusi wa msituni na samadi iliyokwisha kupoa, akapanga mawe pembeni na kupanda vile vipande. Machipukizi yasiyo na mizizi aliyachomeka kwenye mchanga chini ya migomba, penye kivuli, nayo yakashika. Mtaro ulipojaa, akahamia kwenye vyombo. Alikata madebe ya mafuta ya taa. Alichukua sufuria iliyotoboka, chungu kilichopasuka mdomo, na karai la bibi ambalo lilikuwa limevuja mpaka likaachwa nyuma ya jiko. Alitoboa matundu kitakoni, akatandika kokoto ili maji yasituame, ndipo akatia udongo. Madebe yaliwekwa upande wa jua la asubuhi, kwa sababu jua la mchana lilichoma mizizi. Alimwagilia chini, kwenye udongo, hakuwahi kuyalowesha maua. Kila jioni alipita akichuma yale yaliyonyauka, moja moja, ili mmea usichoke kwa kuzaa mbegu.

"Anachuma, na hali," bibi alisema akiwa mlangoni. "Nimeona mengi, lakini hili la kuchuma kitu na kukitupa sijaliona."

Mama aliendelea kuchuma. Niliona kwamba mikono yake, ambayo jikoni ilifanya kazi kwa haraka kama ya mtu anayefukuzwa, pale kwenye madebe ilitulia.

Sasa niwaambie nilivyoelewa mimi, maana ndivyo ilivyoanza sehemu yangu. Jioni moja bibi alikuwa akichambua maharage na jirani yetu, Mama Shabani. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikamsikia bibi akisema, "Maua yale yanamkumbusha kwao. Ipo siku yatamrudisha Zirai, na mwanangu atakuta nyumba tupu."

Mkubwa angeelewa kwamba bibi anasema juu ya hamu ya nyumbani. Mimi nilielewa neno kwa neno. Maua yatamrudisha. Na kwa nini yasiweze? Yalikuwa na nyuso. Yalikuwa na macho na sharubu, na asubuhi nilipotoka yote yalikuwa yameelekea upande mmoja, upande ule ule ambako barabara inateremka kwenda Soni na Mombo. Niliwahi kuambiwa kwamba huko ndiko njia ya Zirai inakopita. Maua yalikuwa yanasubiri. Yalikuwa yanaitazama njia.

Sikumwambia mtu. Nilianza kuyageuza madebe. Kila siku kabla mama hajatoka zizini kukama, nilikumbatia debe moja moja na kulizungusha mpaka vile vijiuso vikaangalia mlango wetu. Niliviambia taratibu, "Nyumbani ni hapa." Debe lilikuwa zito, tope likaniingia kwenye gauni, na karai ndilo lililonishinda zaidi, mpaka nikajifunza kulisukuma kwa mgongo. Baada ya siku kadhaa niliyakuta yamejigeuza tena kuelekea barabarani. Nikayazungusha upya. Niliona ni vita, nami nilikuwa peke yangu.

Yaliyo kwenye mtaro sikuweza kuyageuza. Hayo niliyaombea.

Kisha mvua kubwa zilipokwisha, mama alifanya jambo lililonifurahisha sana. Mimea ilikuwa imerefuka, imelala, katikati imekuwa mitupu. Alichukua kisu cha jikoni akaikata yote karibu na udongo. Bibi alikuja akasimama, akatazama yale mashina mafupi, akasema, "Afadhali." Mimi pia nilisema afadhali moyoni mwangu. Nilijua mama amechagua kubaki. Usiku ule nililala vizuri. Lakini siku zilivyosogea, chini ya vile visiki vikatokea vichipukizi vya kijani, vingi kuliko mwanzo, na kipupwe kilipokuja na ukungu wake, wakati kila kitu kingine mlimani kinajikunyata, maua yalifunguka kwa wingi ambao hatujawahi kuuona. Mtaro ulikuwa kama mkeka wa zambarau uliotandikwa kwa ajili ya wageni. Hata bibi alikawia mlangoni.

"Vyura hawa hawafi," alisema.

"Hawafi, mama," mama alijibu. "Ukiwakata wanarudi."

Nikarudi kwenye kazi yangu ya kugeuza.

Msimu huo huo Mama Kofia alirudi kwao Ulaya na nyumba yake ikafungwa. Na msimu huo huo likatangazwa onyesho la mboga, mifugo na maua kwenye uwanja wa Lushoto, na ikasemwa kwamba mtu yeyote anaweza kuleta alicholima. Mama Shabani alikuwa anapeleka kabichi. Alimwambia mama, "Nawe peleka hayo yako. Utabaki unayaonyesha kuku mpaka lini?"

Mama alifikiri juu ya neno hilo kwa siku nzima. Jioni alimwomba bibi ruhusa. Bibi alisema yeye anakwenda hata hivyo, kuangalia mbuzi, na kwamba kila mtu abebe mzigo wake.

Tulitoka alfajiri. Mama alibeba karai kichwani, Mama Shabani na binti zake wakatusaidia madebe, mimi nikabeba ile sufuria ndogo nikiikumbatia kifuani, maua yakinigusa kidevu. Bibi alitangulia na fimbo yake, mikono mitupu.

Uwanjani palikuwa na meza ndefu zilizofunikwa vitambaa vyeupe. Za mboga zilikuwa na watu wetu. Za maua zilikuwa na waridi ndani ya bilauri za kioo, na waliosimama nyuma yake walikuwa Wazungu wa mashamba na wapishi wao. Mama aliweka karai na madebe mwishoni mwa meza ya maua. Aliyafuta kwa pindo la khanga. Nami bila kufikiri nikayageuza, ili nyuso zimtazame mama.

Karani aliyekuwa akisimamia meza alikuja. Alikuwa kijana aliyevaa soksi ndefu, mgeni kwetu. Aliyatazama maua, akamtazama mama kuanzia miguu yake isiyo na viatu.

"Haya umeyatoa bustani ya nani?"

"Yangu," mama alisema.

"Nimeuliza bustani ya nani."

"Yangu. Nyumbani kwangu."

Alicheka kidogo, akageuka ili wengine wasikie. "Maua haya nimeyaona kwenye ile nyumba ya mawe iliyofungwa. Mwenyewe hayupo. Na sasa yako hapa."

Watu walianza kusogea. Mama alieleza kwamba alipewa, akaeleza kuhusu tenga la mboga, lakini kila alivyozidi kueleza ndivyo Kishambaa cha Zirai kilivyozidi kuingia kwenye Kiswahili chake, na mtu mmoja nyuma yetu akasema, "Huyu si wa hapa." Karani akasema madebe yawekwe kando mpaka ijulikane. Nilimwona mama akinyoosha mikono kulichukua karai, aondoke nalo. Nilitazama uso wake na nikaona ametoka, yuko njiani tayari, anateremka Soni bila kutazama nyuma.

Ndipo niliposikia fimbo. Bibi alikuwa ametoka kwenye mbuzi. Watu walimpisha, maana alikuwa mzee na alikuwa hasiti kumgonga mtu mguuni. Alisimama mbele ya yule karani, akaegemea fimbo, akamtazama. Bibi akaendelea kumtazama tu.

"Kijana," alisema mwishowe, "kwenu hawaamkii?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa uliza."

Karani alirekebisha kola yake. "Nauliza maua haya yametoka wapi."

"Mimi maua haya siyapendi," bibi alisema. Alisema kwa sauti ile ile ya mlangoni kwetu, iliyomwambia kila mtu. "Waulize hawa wanawake. Asubuhi nikitoka nje nakwaruzwa na debe. Jioni nataka kukaa, mahali pa kukaa pana debe. Karai hili ni langu, nililinunua mwenyewe, lilipovuja nikamwambia asiliguse, akaligusa. Mwaka mzima nimewanung'unikia vyura hawa mpaka majirani wamechoka na mimi. Sasa wewe niambie, mtu ananung'unikia kitu ambacho hakiko nyumbani kwake?"

Mama Shabani alisema, "Ni kweli. Tumechoka."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimehama upande. Mwanamke mwingine wa kijijini kwetu, mmoja wa wale waliokuwa wakimwiga mama kisimani, alisema naye hupita pale kila siku ya soko na ameyaona maua yale tangu yalipokuwa majani mawili.

"Na huyu," bibi alimaliza, akimgonga mama begani kwa kiganja, "anayesema si wa hapa aje anione mimi. Huyu ni binti yangu."

Sikuwahi kusikia akimwita hivyo. Nadhani mama naye hakuwahi, kwa sababu alilitua lile karai mezani taratibu sana, kama kitu kinachoweza kumwagika.

Bwana Shamba, Mzungu mwenye masharubu mekundu aliyejua Kiswahili vizuri, alikuwa amesimama pembeni muda wote. Alisogea, akamwambia karani aache. Aliyakagua madebe, akayazunguka, akainama. Alimwuliza mama imekuwaje mimea yake imejaa pande zote, wakati maua ya kwenye chombo kwa kawaida hulalia upande wa jua.

Mama alinitazama. "Mtoto huyu huyageuza kila siku. Sikumfundisha. Nilimwona tu, nikamwacha."

Kumbe alikuwa ananiona. Bwana Shamba akaniuliza kwa nini nafanya hivyo. Nilikuwa sijawahi kusemeshwa na Mzungu, lakini jibu lilitoka lenyewe.

"Ili yasiangalie njia ya Zirai."

Hakuelewa. Alinipapasa kichwa akaenda meza nyingine. Mama na bibi walielewa wote wawili, na hawakutazamana.

Mama alipata zawadi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa waridi. Alipewa utepe wa buluu na kopo jipya la kumwagilia, la bati linalong'aa, lenye mdomo wa matundu madogo madogo. Jina lake lilitamkwa mbele ya watu, jina lake mwenyewe, wala si mama wa fulani, na alitembea kwenda kulipokea akiwa amenyoosha shingo. Mpaka leo nikitaka kumkumbuka mama, namkumbuka akivuka majani yale ya uwanja kwa miguu mitupu, khanga yake imekaa sawa, hana haraka.

Bibi alimwuliza Mama Shabani, "Wa pili nyuma ya nani?" Alipoonyeshwa waridi, alikwenda kuzitazama kwa karibu, akarudi akasema zina miiba.

Njiani kurudi, tulipofika kwenye kivuli cha msitu, mama alinishika mkono. "Nani alikuambia nitarudi Zirai?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Mbele yetu bibi alipunguza mwendo, akawa kama anasikiliza ndege.

"Mtoto alisikia vibaya," bibi alisema bila kugeuka. Alitembea kidogo. "Na aliyesema alisema vibaya. Wewe, leta hilo karai nikubebee, shingo yako si ya chuma."

Mama alisita, kisha akamtwisha. Bibi, aliyetoka nyumbani mikono mitupu, alipanda ule mlima na karai la maua kichwani, na kila tuliyepishana naye aliyesalimia "Onga mshi" alijibiwa na kusimamishwa, na kuambiwa kwamba haya ni maua ya kwetu na yamepata utepe. Ilituchukua muda mrefu sana kufika.

Baba alikuja mwisho wa mwezi. Habari ilikuwa imemkuta stendi ya Lushoto, ikamkuta tena dukani, ikamkuta kwa Mama Shabani, lakini bibi alimkalisha akamsimulia upya tangu mwanzo. Katika masimulizi yake karani alikuwa ameongezeka urefu na waridi zilikuwa zimenyauka. Na alisema tulichimba, tulipanda, tulipasua mizizi, tulikata yalipolala. Mama alikuwa ameketi mkekani akimenya viazi, anatabasamu kwenye sufuria.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. "Na wewe mama," aliuliza, "ulipanda?"

"Unauliza nani alipanda na nani hakupanda," bibi alisema, "kana kwamba hii ni nyumba mbili."